Mmea Uingie Nyumbani na Maarifa Yake

Mtoto wa mwaka mmoja huijua dunia kwa mdomo. Tangu anapofikisha miezi sita hivi, kila kinachofika mkononi hupelekwa kinywani: kijiko, kandambili, udongo, jani lililodondoka kibarazani. Huo si utundu wala malezi mabaya. Ndivyo anavyojifunza kigumu na laini, kitamu na kichungu. Wakati huohuo mimea ya mapambo imeongezeka sana katika nyumba za Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Mwanza: vyungu sebuleni, vyungu ngazini, ua wa miti mbele ya geti, na wauza miche wamejipanga kando ya barabara kuu. Mimea hiyo tunainunua kwa macho. Tunauliza bei, tunauliza kama inapenda jua au kivuli, tunauliza imwagiliwe mara ngapi kwa wiki. Nini kitatokea jani likitafunwa, hilo huulizwa na wachache, na mara nyingi huulizwa jani likiwa limekwisha kutafunwa. Hoja ya makala hii ni kwamba swali hilo lina wakati wake, nao ni siku ya kununua mche. Usalama wa mtoto mbele ya mimea huamuliwa zaidi na kilichopandwa kuliko macho yanayomlinda. Kwa hiyo mmea haufai kuingia katika nyumba yenye mtoto mdogo ikiwa maarifa yake hayakuingia nao.

Jambo hili si geni kwetu. Tumeishi na mimea yenye sumu vizazi kwa vizazi bila hofu, kwa kuwa tuliipokea pamoja na maelekezo yake. Chukua magimbi, ambayo Kenya huitwa nduma. Gimbi bichi linawasha mikono ya anayelimenya na kuchoma koo la anayelionja, kwa sababu ndani yake mna fuwele za kalsiamu oksaleti zenye umbo la sindano, ndogo mno hata hazionekani bila hadubini. Hakuna mpishi anayempa mtoto gimbi bichi. Hata ambaye hajawahi kusikia habari za fuwele anajua kwamba lazima lichemshwe sana. Mihogo michungu ni hivyohivyo. Ina viini vinavyozalisha sianidi, na watu wanaoila huiloweka, huianika na kuitwanga kabla ya kusonga ugali. Chakula hicho chenye sumu ndani yake kimelea watoto wengi kwa sababu mbegu na ujuzi wake vilirithishwa kwa mkono mmoja. Ujuzi huo ukikatika, kama inavyotokea wakati wa njaa au vita watu wanapoharakisha kuandaa mihogo, madhara huonekana haraka: katika sehemu za Kongo, Msumbiji na Tanzania kumekuwa na milipuko ya konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu, na waathirika wengi ni watoto na wanawake.

Sasa tazama mmea unaopendwa sana maofisini na sebuleni, wenye majani mapana ya kijani yaliyotapakaa madoa meupe au ya manjano. Wataalamu huuita Dieffenbachia. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, na uko katika ukoo mmoja na magimbi. Sindano zilizomo kwenye gimbi zimo pia ndani ya jani hili, zimefungwa matita matita kwenye chembe maalumu, na jani likitafunwa chembe hizo hupasuka na kuzirusha sindano kwenye ulimi, ufizi na kuta za koo. Mtoto hulia papo hapo. Mate humtoka kwa wingi, midomo na ulimi huvimba, na pengine hushindwa kumeza au kutoa sauti kwa saa kadhaa. Kwa kawaida uvimbe hupungua wenyewe, lakini ukifika nyuma ya koo unaweza kuziba njia ya hewa, na hapo hospitali haina mbadala. Ukoo huohuo una mimea mingine ya mapambo: kaladiamu yenye majani ya waridi na mekundu, filodendroni, na mani planti inayotambaa ukutani au kuchipua ndani ya chupa ya maji. Mmea wenye sindano zile tulizozijua kwenye gimbi ulitufikia kama pambo, na onyo lake halikuja. Jikoni tuna tahadhari ambayo sebuleni hatunayo.

Hata hivyo sindano za Dieffenbachia zina nafuu moja: maumivu huja mara moja, mtoto hutema, na mzazi hujua kuna jambo. Mbegu ni hatari zaidi kwa sababu hazimpi mtu onyo hilo. Mtipitipi ni mmea unaotambaa kwenye vichaka na nyua za pwani na bara, na maganda yake yakikauka hufunguka na kuonyesha mbegu nyekundu zinazong'aa, kila moja na doa jeusi upande mmoja. Hakuna rangi inayomvutia mtoto kuliko hiyo. Mbegu hizo zimetumika kama shanga na tasbihi katika nchi nyingi, na huko India wapimaji wa dhahabu walizitumia kama mizani kwa kuwa uzito wake haupishani sana. Ndani yake mna abrini, moja ya sumu kali zaidi zinazotoka kwenye mimea. Mbarika, ambao Tanzania wengi huuita mnyonyo, hubeba sumu ya namna hiyo iitwayo risini katika mbegu zake zenye mabaka ya kahawia. Mbegu hizi zina ganda gumu. Mtoto akizimeza nzimanzima, mara nyingi hupita tumboni na kutoka bila madhara makubwa. Akizitafuna, au zikiwa zimetobolewa ili zitungwe uzi, sumu hutoka. Ndiyo maana shanga ya mtipitipi iliyotobolewa ni hatari kuliko mbegu iliyo kichakani, na ndiyo maana mtoto mmoja anaweza kuokoka na mwenzake akazidiwa kwa mbegu za mti mmoja. Dalili nazo huchelewa saa kadhaa, pengine siku nzima au zaidi, kabla ya kutapika na kuharisha kuanza. Kwa hiyo mtoto anayecheza kwa furaha baada ya kutafuna mbegu bado hajawa salama.

Mbono kaburi, yaani Jatropha, unastahili kutajwa peke yake kwa sababu uko kila mahali na mbegu zake hazina uchungu wa kumfukuza mtoto. Umepandwa kwa muda mrefu kuwa ua wa mashamba na alama ya makaburi, na miaka ya 2000 ulihamasishwa Tanzania, Kenya na kwingineko kama zao la mafuta ya kuendeshea mitambo. Sifa zilizowafanya wakulima waupende, kwamba hauliwi na mbuzi na haufi kwa ukame, zilipaswa kutufanya tujiulize kwa nini mbuzi anauacha. Kiini cha mbegu yake ni cheupe na kina mafuta, na watoto waliokionja katika nchi mbalimbali wamesema ni kitamu kama karanga. Mbegu chache tu huleta maumivu ya tumbo, kutapika mfululizo na kuharisha, na kwa mtoto upungufu wa maji ndio unaotisha kuliko sumu yenyewe. Karibu na shule au uwanja wa michezo, mti unaozaa karanga za uongo haufai kuwa ua.

Kuna pia mimea inayogusa moyo moja kwa moja. Oleanda, yenye maua ya waridi, meupe au mekundu, na ile oleanda ya manjano inayopandwa sana kuzungushia nyumba na viwanja, zina kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo, na kemikali hizo zimo kwenye majani, maua, mbegu na hata utomvu. Waridi la jangwani, lenye shina nono lililovimba chini na maua mekundu, linauzwa leo kwenye vyungu vya bei kubwa. Utomvu wake ulitumiwa na wawindaji wa Afrika Mashariki kupaka mishale. Mnanaha, gugu lenye tunda la miiba linaloota jalalani na pembezoni mwa mashamba, na ndugu yake Brugmansia mwenye maua makubwa yanayoning'inia kuelekea chini, anayependwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania, huvuruga akili: mtoto hukauka mdomo, mboni za macho hupanuka, huanza kuweweseka. Mwaka 2019 mamia ya watu waliugua katika eneo la Karamoja, Uganda, na watano wakafariki baada ya kula uji wa unga wa msaada; uchunguzi ulikuta unga huo una sumu za aina ileile ya mnanaha. Ikiwa mbegu za magugu zilizochanganyika na nafaka ziliweza kufanya hayo, tunda zima mkononi mwa mtoto si la kupuuzwa.

Kundi la mwisho ni la utomvu. Mnyaa ni ua wa bei rahisi kuliko wote: unakata tawi, unachomeka, unasahau. Lakini tawi likivunjika hutoa maziwa meupe yanayochubua ngozi na kuunguza jicho. Mtoto hahitaji kuula; inatosha achezee vijiti vyake kisha ajifikiche macho, na kioo cha jicho kinaweza kuumia kiasi cha kupoteza uwezo wa kuona kwa siku kadhaa, na asipotibiwa, kwa muda mrefu zaidi. Watafiti pia wameuchunguza mmea huu kwa miaka mingi kuhusiana na saratani ya watoto iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, kwa kuwa utomvu wake umeonekana maabarani kuamsha virusi vya Epstein-Barr vinavyohusishwa na saratani hiyo. Uhusiano huo bado unachunguzwa, na haifai mzazi kuamini kwamba kila aliyecheza kwenye minyaa atapata saratani. Madhara kwenye macho hayana shaka, nayo yanatosha kuufanya usiwe mmea wa mahali wanapochezea watoto.

Haya yote yanazidi uzito kwa sababu ya mwili mdogo. Mtu mzima wa kilo 70 na mtoto wa kilo 10 wakila mbegu idadi moja, kila kilo ya mtoto imepokea sumu mara saba. Tena mtoto huishiwa maji haraka anapotapika na kuharisha, njia yake ya hewa ni nyembamba na huzibwa na uvimbe mdogo, na hana maneno ya kusema amekula nini na saa ngapi. Mmea ambao kwa mkubwa ni kero ya tumbo la siku moja, kwa mtoto unaweza kuwa safari ya hospitali usiku wa manane.

Pingamizi la kwanza la wasomaji wengi ni hili: sisi tulikua katikati ya mibono na minyaa, tukaichezea, na tuko hai. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake na linastahili jibu la haki. Nchini Marekani, ambako vituo vya sumu hupokea simu za wazazi na kuhifadhi kumbukumbu kwa miongo mingi, mimea ni miongoni mwa vitu ambavyo watoto chini ya miaka mitano huvitia mdomoni mara kwa mara, na wengi wao hawapati madhara yoyote au hupata madhara madogo. Mimea mingi haina sumu ya kutisha. Lakini ukweli huo unaiunga mkono hoja ya kuchagua. Kama mimea yote ingekuwa hatari, kuchagua kusingekuwa na maana. Kwa kuwa yenye hatari kubwa ni michache, mzazi anaweza kuijua kwa majina na kuiepuka bila kupoteza kijani nyumbani kwake. Isitoshe, kumbukumbu za walio hai hazituelezi habari za wasiokuwapo kuzungumza. Kutapika na kuharisha kwa mtoto kuna sababu nyingi, na mhudumu wa zahanati asipoambiwa habari ya mbegu, hana namna ya kukisia. Na katika ua wa zamani mtoto alikuwa na bibi, shangazi na dada wakubwa walioijua mimea ile kwa majina na tabia. Leo mmea mgeni unakaa sebuleni na watu ambao hawajui hata unaitwaje.

Maarifa hayo lakini yawe maarifa kweli, kwa maana uvumi nao una madhara yake. Poinsetia, ua jekundu la wakati wa Krismasi, limesemwa kwa karne nzima kuwa linaua. Simulizi hiyo ilianzia Hawaii mwaka 1919, ilipodaiwa kwamba mtoto alikufa kwa kula jani lake, na madai hayo hayakuthibitishwa kamwe. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa matukio 22,793 ya watu waliogusa au kula poinsetia: hakuna hata mmoja aliyekufa, na zaidi ya asilimia 90 hawakupata dalili yoyote. Utomvu wake unaweza kuwasha ngozi, basi. Upande wa pili upo uvumi kwamba kinachoitwa dawa ya asili hakiwezi kudhuru. Mwarobaini unaheshimiwa, na kwa haki, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia walieleza habari za watoto wachanga waliopewa mafuta ya mwarobaini kama dawa, wakapatwa na degedege na madhara makubwa ya ini na ubongo. Mti mmoja unaweza kuwa kivuli kizuri uani na mafuta yake yasifae kabisa kwenye kinywa cha mtoto mchanga. Kutofautisha mambo hayo mawili ndiyo kazi ya maarifa, na hofu ya jumla haiwezi kuifanya.

Pingamizi la pili linasema: mfunze mtoto, mwangalie, inatosha. Kufunza ni lazima. Mtoto wa miaka minne anaweza kushika kanuni moja iliyo wazi, kwamba hakuna jani, tunda wala mbegu inayoliwa kabla ya kumwonyesha mkubwa, na kanuni hiyo itamlinda hata nje ya nyumba yenu. Lakini wa mwaka mmoja na nusu hawezi kuishika, hata ukimkanya mara mia, na huo ndio umri ambao mikono yake inafika kila mahali. Kuhusu kumwangalia, hakuna nyumba ambayo jicho la mlezi halitoki kwa mtoto: maji yanachemka, mgeni anabisha hodi, mtoto mwingine analia. Jani hutafunwa kwa sekunde chache. Ulinzi unaotegemea umakini usiokatika humlaumu mama au dada wa kazi kwa jambo ambalo binadamu hawezi, ilhali uamuzi uliofanywa mara moja kwenye kitalu unafanya kazi saa zote, hata wote wakiwa wamelala.

Wapo watakaosema kwamba mimea hii ina faida: mnyaa unazuia mifugo, mbarika una mafuta, mbono ni mpaka wa shamba. Ni kweli, na hakuna anayeagizwa kung'oa shamba zima. Kinachotakiwa ni kutenganisha mahali na wakati. Ua wa shamba ulioko mbali na nyumba si sawa na ua unaozunguka uwanja wa kuchezea. Na miaka ya hatari kubwa ni michache. Mtoto akifika umri wa kwenda shule na kushika maonyo, mengi hubadilika. Mti usiotaka kuuondoa ukatwe maua kabla hayajafunga mbegu, na maganda yaliyoanguka yafagiliwe. Minyaa ipogolewe watoto wakiwa mbali, mpogoaji akiwa amevaa glavu na kukinga macho. Matawi ya oleanda yasichomwe moto, kwa kuwa moshi wake nao unadhuru, wala yasigeuzwe kuwa vijiti vya mishikaki. Vyungu vya mimea ya sindano viwekwe juu mtoto asikofika, huku mtu akikumbuka kwamba majani hudondoka na kwamba mtoto hujifunza kupanda viti mapema kuliko tunavyotarajia.

Pingamizi zito kuliko yote ni lile la wahudumu wa afya: katika nchi zetu watoto huumizwa zaidi na mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa za soda na dawa za kuua wadudu kuliko majani. Hilo halipingiki, na familia yenye nafasi ya kurekebisha jambo moja tu leo ianze na chupa hizo. Lakini mambo haya hayashindani, kwa sababu chanzo chake ni kimoja, yaani kitu cha hatari kuwekwa mahali mtoto anapofika. Tena bustani yenyewe ni mlango wa dawa hizo. Mmea usio na sumu hata chembe ukipuliziwa dawa ya wadudu asubuhi, jani lake si salama mchana. Kwa hiyo anayechagua mimea isiyoshambuliwa ovyo na wadudu anapunguza hatari mbili kwa pamoja.

Tupande nini basi? Orodha ni ndefu na nzuri. Ndani ya nyumba, mmea unaostahili kupewa nafasi ya kwanza ni kiua kidogo cha zambarau kitokacho katika milima ya Usambara na maeneo ya jirani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alikipeleka Ulaya, kikapewa jina la Saintpaulia, na leo kinakaa kwenye madirisha ya nyumba nyingi duniani. Hakina sumu kwa watoto. Majani yake manene yenye manyoya hupenda mwanga usio wa jua kali, na chungu chake hakizidi kiganja. Anayekitaka anunue kilichooteshwa kitaluni, kwa sababu kule msituni kiko hatarini kutoweka. Klorofito, wenye majani membamba ya mistari myeupe na vitoto vinavyoning'inia, nao hauna sumu na hauhitaji matunzo mengi. Kangaga wa kawaida wa vyungu vya kuning'iniza hana neno pia. Uani kuna haibiskasi, ambayo ikikatwa vizuri hufanya ua mnene badala ya mnyaa, na alizeti, ambazo mtoto mwenyewe anaweza kuzipanda na kuzitazama zikirefuka.

Kwa wenye nafasi, njia iliyo bora ni kupanda vinavyoliwa. Mrehani, ambao pwani hutiwa kwenye kikuba, mnanaa na mchaichai hunukia vizuri na haimdhuru mtoto akitafuna, ingawa kingo za majani ya mchaichai zinaweza kumkata kidole. Mchicha, bamia, mpera, mkomamanga, mgomba: hapo mtoto akitia kitu mdomoni, pengine ametia chakula. Asumini ya kweli, ile inayotungwa kwa ajili ya bibi harusi, haina tatizo. Lakini mchunguze muuzaji, kwa sababu vipo vichaka vingine vinavyouzwa kwa jina la asumini kwa ajili ya harufu tu, kama Cestrum nocturnum inayonukia usiku, na matunda yake meupe yana sumu. Waridi na bogenvilia hazina sumu ya kutisha, ila miiba yake ikae mbali na usawa wa macho ya mtoto anayejifunza kutembea. Salama hapa haina maana ya kutokuwa na dosari yoyote. Maana yake ni kwamba kosa la mtoto litaishia kwenye mkwaruzo au kukunja uso.

Ukifika kitaluni, uliza mambo matatu. La kwanza ni jina, na kama muuzaji ana jina la mtaani tu, piga picha ya jani, ua na tunda, umtafute bwana shamba au mtu wa bustani anayeijua mimea, kwa kuwa mmea mmoja una majina tofauti Tanga na Kisumu na jina moja hubeba mimea miwili. La pili ni kinachozaliwa: je, una mbegu za rangi kali, zinazong'aa au zinazofanana na karanga? La tatu ni kinachotoka ukivunja jani, maji au maziwa meupe. Maziwa si ushahidi kamili, kwani hata mpapai unayo, lakini ni sababu ya kusita mpaka ujue. Muuzaji akikosa majibu na wewe ukiwa na mtoto anayetambaa, mmea huo unaweza kungoja. Na kwa mimea ambayo tayari iko nyumbani, uchunguzi huohuo ufanywe ukiwa umechuchumaa, maana mbegu zilizojificha chini ya kichaka mtu mzima aliyesimama hazioni.

Ikitokea mtoto amekula jani au mbegu asiyoijua mtu, mtoe mabaki mdomoni kwa kidole, msafishe kinywa kwa maji, umpeleke kituo cha afya ukiwa na kipande cha mmea chenye jani na tunda. Usimtapishe, kwa sababu matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Usitegemee maziwa, mafuta ya kula wala mkaa wa jikoni. Hivyo si dawa ya sumu, na vinakula muda. Usingoje dalili ikiwa ni mbegu. Utomvu ukiingia machoni, uoshe jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha uende hospitali. Kipande cha mmea ulichobeba kitamsaidia daktari kuliko maelezo marefu, kwa sababu matibabu ya moyo uliovurugika, koo lililovimba na tumbo linaloharisha hayafanani.

Mzigo huu haupaswi kubebwa na mzazi peke yake. Muuza miche anayeandika bei kwenye chungu anaweza kuandika jina na neno moja la onyo kwa gharama ileile ya wino. Kliniki ambako mama hupeleka mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa tayari huzungumza na wazazi kuhusu afya ya mtoto. Majina kumi ya mimea yanaweza kuingia katika mazungumzo hayo. Shule za chekechea zinaweza kukagua nyua zao mara moja kila muhula. Hakuna kati ya haya kinachohitaji fedha nyingi wala sheria mpya. Kinachohitajika ni sisi wanunuzi kuanza kuuliza, kwa sababu muuzaji hujifunza kile anachoulizwa kila siku, na tukiuliza vya kutosha, jibu litakuwa tayari kwenye chungu kabla mzazi mwingine hajafungua mdomo.